Etha, Joto na Picha Zisizopigwa

Treni itokayo Tabora kwenda Mwanza hupita Bukene, katika nchi ya Wanyamwezi. Speke na Grant waliifikia nchi hiyo kwa njia ya misafara mwaka 1861, lakini sura za watu wake walizileta kwa michoro ya mkono. Kamera ilikuwa imekwisha kuwashinda.

James Grant alikuwa askari, si mpiga picha wa kazi. Mwaka 1860 alipiga picha za mji wa Unguja. Siku zile picha ilinaswa juu ya bamba la kioo. Kioo kilipakwa kolodioni, yaani pamba iliyotiwa asidi ya nitriki kisha ikayeyushwa katika etha na spiriti. Kikachovywa katika maji ya nitreti ya fedha, kikatiwa ndani ya kamera kingali kibichi. Kikikauka kabla ya kusafishwa, dawa haipenyi tena. Kwa hiyo ilimpasa mpiga picha kusafiri na chumba chake cha giza: hema dogo lililofungwa barabara.

Etha huchemka kwenye nyuzi 35 za Sentigredi, na hema kama hilo, juani, hulipita joto hilo kwa urahisi. Utando hukauka mikononi. Tena mvuke wenyewe ni uleule ambao madaktari wa enzi hizo waliwalazia wagonjwa wa kupasuliwa! Speke aliandika kwamba joto la hema lile lingemwua mwenzake upesi, akampa kazi ya kuchora.

Bamba kavu la jelatini, lisilohitaji etha, lilibuniwa na daktari Mwingereza, Richard Maddox, mwaka 1871: miaka kumi baadaye.