Sahani ya Bibi Isivunjike

Katika nyumba nyingi ipo sahani moja isiyopakuliwa chakula. Ni nzuri, ina maua, au aliiacha bibi. Mara nyingi imefungwa ndani ya khanga na kuwekwa sandukuni. Huko haionekani. Sisi tunasema, itundikeni ukutani. Lakini itundikeni vizuri!

Sisi wenyewe tuliwahi kutundika sahani ya bibi kwa msumari uliopigwa kwenye udongo mtupu. Masika yakaja, ukuta ukalainika. Usiku tukasikia pwaa! Asubuhi tukaokota vigae. Sahani ile haipatikani tena.

Desturi ya zamani

Kupamba ukuta kwa sahani si jambo geni kwetu. Katika nyumba za mawe za Lamu, watu walijenga vidaka ukutani na kuweka humo vyombo kutoka China. Huko Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, na Mambrui, karibu na Malindi, vyombo kama hivyo vilijengewa kwenye makaburi yenye nguzo. Kwa hiyo sahani ukutani ni pambo, na pia ni kumbukumbu.

Sasa tufanyeje?

1. Tazama ukuta. Kama nyumba ni ya miti na udongo, gonga ukuta kwa kidole mpaka ujue mti ulipo. Piga msumari ndani ya mti, siyo kwenye udongo. Kama ukuta ni wa matofali mabichi, toboa tundu lenye kina cha kidole. Shindilia kigingi cha mti mgumu na mkavu, kisha piga msumari katika kigingi hicho. Ukuta wa saruji unataka msumari wa zege. Kila msumari uinamishe, kichwa kielekee juu kidogo.

2. Chagua mahali. Usitundike juu ya kitanda, wala mahali wanapokaa watoto. Usitundike karibu na mlango unaobamizwa, kwa sababu ukuta hutikisika.

3. Tengeneza kishikizo. Usitoboe sahani, itapasuka. Chukua waya mgumu kidogo. Kata vipande viwili, kila kimoja kizidi upana wa sahani kwa vidole viwili kila upande. Vipitanishe nyuma ya sahani, mikono miwili iwe juu na miwili iwe chini. Vifunge vizuri katikati kwa waya mwembamba. Kwa koleo, kunja ncha zote nne zishike ukingo wa sahani. Kabla ya kukunja, zivishe vipande vya mpira wa baiskeli, zisikwaruze. Halafu funga kitanzi cha waya kutoka mkono mmoja wa juu hadi wa pili. Kitanzi kikifungwa chini ya hapo, sahani itainama mbele.

4. Jaribu kwanza. Shika kitanzi, inua sahani kidogo juu ya godoro, uitikise polepole. Ikicheza, kaza ncha.

5. Panga chini kabla ya kupanga ukutani. Tandika mkeka, weka sahani zote juu yake. Kubwa ikae katikati, ndogo zikae pande mbili zikilingana. Acha nafasi ya vidole vinne kati ya sahani na sahani. Ukipendezwa, weka alama ukutani kwa chaki. Anza kutundika ile ya katikati, usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama.

Mtu atauliza, "Je, wakija wageni wengi, tuzishushe tupakulie wali?" Hapana. Rangi za baadhi ya sahani za zamani zina madini ya risasi, nayo ni sumu. Sahani ya pambo ibaki pambo. Kila masika yakiisha, shusha sahani, futa vumbi, na utazame kama msumari umelegea.

Jambo la mwisho. Sasa kalamu mnayo na kuandika mnajua. Chukueni kipande cha karatasi, andikeni jina la aliyeacha sahani, alikoipata, na mwaka kama mnaujua. Kibandikeni nyuma ya sahani. Sisi hatukufanya hivyo. Sahani ilipovunjika, habari zake nazo zikapotea, maana bibi alikuwa amekwisha kufariki na hapakuwa na wa kumwuliza.