Ng'ombe Wanene na Ng'ombe Waliokonda

Ndugu msomaji, wewe uliyeko Soitsambu, au Karatu, au kijiji cho chote kingine, hebu tuulizane neno moja. Je, neema ya soko na maanguko yake hurudi tena na tena, au huja mara moja tu na kwisha? Swali hili si la wenye benki peke yao. Lakuhusu wewe uchungaye ng'ombe, wewe ulimaye mbaazi, na wewe mama ununuaye debe la mahindi. Maana jibu lake ndilo litakalokuonyesha la kufanya siku ile fedha itakapokuwa nyingi mkononi.

Mfalme Farao aliota habari hiyo zamani sana: ng'ombe saba wanene, kisha ng'ombe saba waliokonda waliowala wale wanene. Yafaa sana kwetu wafugaji kwamba Mwenyezi Mungu alimfundisha mfalme kwa mfano wa ng'ombe. Basi tutazame kama ndoto ile imetokea kwetu pia.

Tuanze karibu na nyumbani. Mwaka 2011 maelfu ya watu kutoka pande zote za Tanzania, na kutoka Kenya, walifika Samunge, katika wilaya yetu ya Ngorongoro, ili wanywe kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Hapa hatusemi habari ya dawa. Twasema habari ya soko. Magari yalipanga mstari mrefu. Wenye magari, wauza chakula na wenye kulaza wageni walipata biashara wasiyoiota. Lakini haukupita muda mrefu, wageni wakapungua, na vibanda vikabaki vitupu. Aliyeweka akiba alibaki na kitu. Aliyekopa ili ajenge kibanda cha pili alibaki na deni.

Twende Karatu. Mbaazi zetu hununuliwa zaidi na India. Mwaka 2014 na 2015 mvua zilikuwa haba kule, bei ikapanda, na wakulima wengi wakaongeza mashamba ya mbaazi. Kisha India ikavuna vizuri yenyewe, na mwezi wa Agosti 2017 serikali yake ikaweka kiwango cha mbaazi zinazoruhusiwa kuingia kutoka nje. Bei ikaanguka. Mahali pengine kilo moja iliuzwa kwa shilingi 200 tu. Mwaka 2021 India ikafungua mlango tena. Waona, msomaji: mkulima hakukosea shambani hata kidogo, lakini neno lililoamuliwa mbali lilimkuta nyumbani kwake.

Kahawa nayo ina hadithi ile ile. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, na mwaka 1977 bei ilikuwa juu sana duniani pote. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyogawa mafungu ya kuuza kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka. Mwaka 2001 ratili moja haikufika hata nusu dola. Februari 2025 ilipita dola 4. Mkahawa ni ule ule, na jembe ni lile lile.

Tena wako wazee waliowahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1929 masoko ya fedha ya New York yalipoanguka, bei ya mkonge ilishuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Vita ya Korea ilipoanza mwaka 1950, bei ikaruka juu, kisha ikashuka. Ikapanda tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye kamba za nailoni na plastiki zikauangusha mkonge kabisa.

Basi jibu ni hili: ndiyo, hurudi. Lakini hazirudi kwa kalenda. Yosefu aliambiwa hesabu ya miaka, sisi hatukuambiwa. Anayekuja kijijini akisema najua mwaka ambao bei itapanda au kushuka, usimpe fedha yako.

Kwa nini hurudi? Sababu moja haimo mikononi mwetu: mvua, baridi, vita, sheria za mataifa. Sababu ya pili imo ndani yetu, nayo ni kwamba sote hufanya jambo lile lile kwa wakati ule ule. Bei ya kahawa ikipanda, kila mtu hupanda mikahawa. Mkahawa hutaka miaka kama mitatu hata kuzaa. Basi yote huzaa pamoja, soko hujaa, na bei huanguka. Hapo wengine huing'oa kwa hasira, kahawa hupungua, na bei hupanda tena. Kila safari twasema, “Mara hii ni mbali, haitashuka.” Neno hilo ndilo linalorudi kuliko yote.

Na ng'ombe je? Wa Soitsambu wajua. Mvua zikiwa njema, ng'ombe hunenepa, wanunuzi huja, hata kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kenya, lakini hakuna atakaye kuuza. Ukame ukija, wote hupeleka mnadani kwa juma moja ng'ombe waliokonda, bei huanguka, na siku hiyo hiyo mahindi hupanda. Ndivyo ilivyokuwa katika ukame wa 2008 na 2009, ulioangamiza ng'ombe wengi katika Longido, Monduli na Ngorongoro.

Mfugaji atanijibu, “Ng'ombe ndio benki yangu. Huzaa, fedha haizai. Na mwenye wengi kabla ya ukame ndiye abakiye na wachache baada yake.” Jibu hilo lina haki, wala hatumwambii mtu auze boma zima. Lakini tasa, na madume yasiyohitajiwa, na ng'ombe mzee asiyeweza kwenda mbali kutafuta maji, hao ukame utawachukua bure. Wauze wangali wanene, uwageuze kuwa mahindi wakati wa mavuno, na ada ya shule, na akiba katika kikoba au chama cha kuweka na kukopa.

Yosefu alitenga fungu moja katika mafungu matano ya mavuno. Hakungoja aone kitakachobaki. Alikata fungu kwanza, katika miaka ya shibe. Nasi yatupasa baba na mama waketi pamoja, wapatane fungu lao kabla ya kwenda sokoni, maana fedha ikishaingia mfukoni haikosi shauri. Tena usikope kwa kutumainia bei ya leo. Wala usiling'oe shamba lote la mahindi kwa ajili ya zao moja lililopanda bei.

Na jirani aliyeangukiwa na bei, usimcheke ukisema alikuwa na tamaa. Huenda alifanya kama ulivyofanya wewe, ila mwaka wake ulikuwa mbaya. Ghala ya Yosefu haikulisha nyumba ya Farao peke yake. Ililisha Misri yote, na hata ndugu zake waliomuuza. Aliye na akiba siku ya njaa ana njia ya kutenda mapendo. Asiye nayo hubaki na huruma tupu. Basi mvua za neema zikifika bomani kwako, msomaji mpenzi, hesabu ng'ombe wako wanene, ukate fungu.