Bakuli Lililotoboka



Kwa miezi michache sasa, kila Jumatatu jioni mimi ni mwanafunzi. Mwalimu wangu ni fundi seremala wa hapa parokiani, kijana wa umri wa kuwa mwanangu, naye ananifundisha kukereza mabakuli ya mbao. Kama hujaiona kazi hiyo, pita siku moja kwenye karakana wanakokereza miguu ya vitanda. Kipande cha mti hufungwa kwenye mashine na kuzungushwa kwa kasi, na fundi hukikata kwa patasi ndefu iliyolazwa juu ya egemeo la chuma.

Siku ya kwanza sikukata chochote. Nilifundishwa kunoa. "Baba Paroko," aliniambia, "patasi butu ndiyo inayomfanya mtu atumie nguvu, na hiyo nguvu ndiyo inayoumiza." Kisha nikafundishwa kuuzungusha mti kwa mkono kabla ya kuwasha mashine, nione kama haugongi egemeo; kusimama pembeni, si mbele yake; kuvaa kinga ya uso na barakoa, kwa sababu vumbi la mninga huwasha pua na kifua. Mwisho likaja somo kubwa: usianze na ncha. Kwanza uguse mti kwa sehemu ya nyuma ya makali, ile isiyokata. Ukiisikia inateleza vizuri, ndipo uinue mpini polepole mpaka makali yaanze kula. Anayeanza na ncha, mti huinasa patasi na kuirusha.

Jumatatu moja bakuli langu la mninga lilikuwa limependeza kweli. Fundi akasema, "Inatosha, Padri. Zima, tupime." Sikuzima. Nilitaka kitako kiwe chembamba zaidi, kidogo tu. Mlio ukabadilika, na mashine iliposimama niliona mwanga wa taa kupitia chini ya bakuli.

Nimehubiri mara nyingi juu ya nabii Yeremia nyumbani kwa mfinyanzi (Yer 18:1-6). Chombo kiliharibika mkononi mwa fundi, naye akakifinyanga upya kikawa chombo kingine. Lakini udongo mbichi hurudi ukawa donge. Mti haurudi. Kilichotoka kwenye bakuli langu kilikuwa maranda sakafuni, na jioni ile ile mama mmoja aliyazoa kwenye kiroba akayatandaze katika banda lake la kuku.

Usiku ule sikulala vizuri, wala si kwa ajili ya bakuli. Nilimkumbuka kijana aliyekuja ofisini kwangu miaka mingi iliyopita pamoja na mchumba wake, kuandikisha ndoa. Binti alikuwa mjamzito. Niliwaeleza mafundisho ya Kanisa, na sikusema uongo hata neno moja. Ila nilianza na ncha, tena mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Nilimwona binti ameinamisha kichwa, na sikuzima mashine. Waliondoka, nami sikuwaona tena kanisani.

Nawe, mzazi, mwalimu, mwenyekiti wa jumuiya, huenda una benchi lako na mtu wako aliyeinamisha kichwa. Tukiungama, Mungu hutusamehe kweli kweli. Lakini Kanisa linatufundisha pia kwamba anayetubu anapaswa kurekebisha madhara aliyoyafanya, kadiri awezavyo. Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia njiani. Tunapokea ondoleo la dhambi kwa furaha, na yule tuliyemtoboa tunamwacha na tundu lake.

Jumatatu iliyofuata nilikuta fundi hajalitupa bakuli langu. Alilipanua lile tundu likawa duara safi, akakereza kizibo cha mpingo, akakibandika kwa gundi. Halijawa kama lilivyotakiwa kuwa. Lina doa jeusi katikati. Lakini leo limebeba machungwa mezani kwangu. Nikilitazama namkumbuka Bwana Mfufuka, ambaye hakumficha Tomaso majeraha yake.

Nilitafuta namba ya yule kijana, ambaye sasa ni mtu mzima, kupitia kwa ndugu zake. Nilimpigia nikamwomba msamaha, yeye na mke wake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nimekusikia, Padri." Nilikuwa na maneno mengine tayari mdomoni, ya kujieleza na ya kumwalika arudi kanisani. Sikuyasema. Safari hii nilizima.

Sijui kama nitawaona Dominika moja. Hilo naliweka mikononi mwa Mungu. Nawe wiki hii mtafute mmoja wako. Usiende na maelezo, nenda na pole. Na kabla hujafungua kinywa, nyamaza kidogo mbele ya Bwana, akunolee ulimi.