Mahojiano: Mbinu ya utafiti inayosimama juu ya uaminifu

MTAFITI anapobisha hodi katika nyumba ya Mishomoroni, eneo la Kisauni, Mombasa, akiwa na daftari na kinasa sauti, mwenyeji hupima kwanza nia yake kabla ya kulijibu swali lake.

Katika sosholojia, mahojiano ni mazungumzo yanayokusudiwa kukusanya habari kuhusu maisha na fikra za watu. Yapo ya aina tatu. Yaliyopangwa hutumia maswali yale yale kwa kila mhojiwa, hivyo majibu hulinganishwa kwa urahisi. Ya nusu-mpangilio huwa na mwongozo, lakini humruhusu mtafiti kudadisi zaidi. Mahojiano huru humwachia mhojiwa asimulie apendavyo.

Aina hii ya mwisho ina historia Mombasa. Katika miaka ya 1970, mwanahistoria Mmarekani Margaret Strobel aliwahoji wanawake Waislamu wa mji huo. Baadaye, yeye na Sarah Mirza walichapisha masimulizi ya maisha ya watatu kati yao, kwa Kiingereza mwaka wa 1989 na kwa Kiswahili mwaka wa 1991. Sauti hizo zilieleza maisha ya nyumbani kwa namna ambayo kumbukumbu za serikali ya kikoloni hazingeweza.

Hata hivyo, mbinu hii ina hatari zake. Ardhi ni suala nyeti Kisauni, ambako wengi wamejenga bila hatimiliki. Anayeulizwa, "Je, kiwanja hiki ni chako?" huenda akahofia kufurushwa, akatoa jibu la kujikinga. Anayeulizwa, "Mlifikaje hapa?" hupata nafasi ya kusimulia. Aidha, kijana aliyeketi mbele ya baba yake au mzee wa mtaa hawezi kutarajiwa kufunguka kama akiwa peke yake.

Ndiyo sababu mtafiti makini hulinganisha maelezo ya watu mbalimbali na yale aliyoyaona mwenyewe.

Kisheria, utafiti nchini Kenya huhitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), nayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari za kibinafsi. Mhojiwa anapaswa kuelezwa lengo la utafiti, aridhie kwa hiari, na awe huru kukataa swali au kukatiza mazungumzo. Jina lake likivuja, mtafiti atarejea chuoni. Yeye atabaki mtaani na matokeo yake.