Fahamu: King'amuzi cha kurekodi ni nini, na uchague kipi?

Ni king'amuzi cha dishi chenye diski ndani, au tundu la USB, kinachohifadhi vipindi uvitazame baadaye. DStv Explora, kilichozinduliwa Afrika Kusini mwaka 2013, ni mfano mmoja.

Kina faida gani?

Mechi ikichezwa ukiwa kazini, utaikuta nyumbani. Matangazo ya moja kwa moja nayo unaweza kuyasimamisha, kisha ukaendelea.

Angalia nini?

- Tyuna (sehemu inayopokea chaneli): zikiwa mbili, unarekodi chaneli moja huku ukitazama nyingine.
- LNB (kifaa cha dishi kinachopokea mawimbi): tyuna zaidi huenda zikahitaji LNB tofauti na waya wa ziada.
- Diski: picha za HD hujaza nafasi haraka.
- Ada: uliza kama kurekodi kunalipiwa kila mwezi.

Tahadhari

Rekodi za chaneli za kulipia hufungwa kidijitali. Kwa kawaida hazifunguki kwenye king'amuzi kingine.