Virusi vya Kale Ndani ya DNA

Takriban asilimia 8 ya DNA ya binadamu ni mabaki ya virusi vilivyowashambulia mababu wa mbali mno, wengine wakiwa wameishi mamilioni ya miaka kabla binadamu hajatokea. Ni sehemu kubwa, ikikumbukwa kwamba sehemu zenye maelekezo ya kutengeneza protini hazichukui hata asilimia 2.

Mabaki hayo yametokana na retrovirusi, jamii inayojumuisha VVU. Kirusi cha aina hii kikiingia kwenye seli, hugeuza RNA yake kuwa DNA na kujipachika katika DNA ya seli hiyo. Kwa kawaida seli ikifa, nakala hiyo hupotea nayo. Lakini kikijipachika kwenye yai au mbegu ya kiume, mtoto huzaliwa nacho katika kila seli, na wajukuu vilevile.

Tukio hilo linaonekana leo kwa koala wa Australia. Huko Queensland, karibu koala wote wamerithi retrovirusi yao, ilhali kusini wapo ambao hawajairithi. Kirusi hicho bado kina nguvu, na kinahusishwa na saratani za damu zinazowaua wanyama hao.

Vizazi vikipita, nakala hizo huharibika kwa mabadiliko ya DNA, na seli huzifunga kwa alama za kikemikali ili zisifanye kazi. Hata hivyo, chache zimepata kazi ambayo mwili hauwezi kuikosa. Mwaka 2000 wanasayansi walieleza kuhusu sinsitini, protini inayotengenezwa katika kondo la nyuma. Zamani ilikuwa protini ya ganda la kirusi, iliyokiwezesha kuungana na seli na kupenya ndani. Sasa inaunganisha seli za kondo hadi ziwe utando mmoja wenye viini vingi, usio na kuta katikati, ambao chakula na oksijeni hupitia kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Vijusi vya panya vilivyoondolewa jeni ya aina hiyo hufia tumboni. La kustaajabisha zaidi, makundi mbalimbali ya mamalia yalipata sinsitini zao kutoka kwa virusi tofauti.

Si nakala zote zilizotulia. Baadhi ya zile za nguruwe zinaweza kutoa virusi kamili, na katika maabara vimeambukiza seli za binadamu, jambo linalowatia hofu wanaotaka kupandikiza viungo vya nguruwe kwa wagonjwa. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kuzaliwa kwa nguruwe ambao nakala hizo zote zilikuwa zimezimwa.