Unapenda chai ikiwa moto kabisa? Soma hii kwanza

Kericho na Bomet huulizwi kama unataka chai. Unaingia kwa nyumba, thermos inafunguliwa, na ukikataa wanakuangalia kama mtu amekuja na shida. Lakini ushawahi kujiuliza hiyo chai inafanya nini huko ndani?

Kuna mazuri. Majani chai yana polifenoli, ndizo hufanya ulimi ukauke ukipiga strungi. Nyingi haziingii kwa damu haraka, zinateremka mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanazivunjavunja. Ile chai ya zambarau watafiti wa Kericho walitoa 2011 imejaa jamii hiyo.

Sasa shida. Polifenoli hizo hizo hushika madini ya chuma yaliyo kwa sukuma, managu na maharagwe, mwili ukayakosa. Kama una mimba ama damu imepungua, usiteremshie chakula na chai. Ngoja kama saa moja. Na ukiinywa tumbo likiwa tupu halafu kiungulia kikuchome, usilaumu majirani, kafeini huongeza asidi. Tumbo likifura baada ya chai ya maziwa, mshukiwa anaweza kuwa maziwa yenyewe. Jaribu strungi wiki moja uone.

Lakini kitu serious zaidi ni moto. Hospitali ya Tenwek, Bomet, kwa miaka mingi imepokea wagonjwa wa saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Wengine hawajafika hata miaka 30. Sababu si moja. Pombe na sigara pia ziko kwa hiyo kesi. Ila 2016, IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, lilisema vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vinachangia saratani hiyo. Si majani, ni joto. Hata maji matupu ya moto hivyo ni yale yale.

Huko juu milimani chai huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Kwa hivyo ikitoka jikoni, iache. Piga stori kidogo, ipoe, ndio unywe.

Na ukiona ugali ama nyama imeanza kukwama ukimeza, usibadilishe tu menu uanze kunywa uji. Nenda hospitali wiki hiyo hiyo. Tenwek huweka mirija ya kufungua umio, lakini wengi hufika wakiwa wamechelewa.